Fundi wa Risasi Aliyeogopa Mlio

Kila Ijumaa ya miezi ya baridi, baada ya sala ya alasiri, arbab, bwana mwenye nyumba, na wageni wake walishuka bondeni na bunduki zao. Hapo Fundi aliingia jikoni kwetu, akafunga dirisha, akajaza pamba masikioni, akakaa kwenye kigoda karibu na gunia la mchele. Risasi zile alizitengeneza yeye, moja moja, kwa mkono, wiki nzima. Lakini kuzisikia zikilia hakuweza. Mlio wa kwanza ulipogonga mlango wa bati wa stoo, mabega yake yalipanda, na punje ya kitunguu saumu aliyokuwa akiimenya ikamtoka mkononi.

"Hiyo imekosa shabaha," alisema.

"Umejuaje, Fundi, nawe una pamba?" nilimuuliza mara moja, nilipokuwa bado mgeni.

"Pamba yenyewe ya duka la hapa. Haizuii kitu."

Nyumba ilikuwa Hatta, milimani, karibu na mpaka wa Omani. Mimi nilifika pale kutoka Machakos kufanya kazi za ndani. Yeye alikuwa Mzanzibari, na alikuwa amekaa pale muda mrefu sana, kiasi kwamba wana wa arbab waliokwisha kuota ndevu walikumbuka kubebwa mgongoni mwake. Siku za kwanza nilimwita Mzee, kama tunavyoita kwetu kwa heshima. Akanitazama juu ya miwani.

"Niite Fundi. Uzee utakuja wenyewe, hauna haja ya kuitwa."

Kazi yake ilikuwa moja, na ilihusu bunduki za zamani. Arbab alizirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Zilikuwa na vibali, zilining'inia ukutani kwenye majlis, sebule ya wageni, na hakuna mtu aliyezitumia kwa jambo lolote zaidi ya kulenga vibao bondeni na wenzake wa rika moja, ambao nao walikuwa na bunduki za babu zao. Tatizo ni kwamba risasi za bunduki kama zile hazikuuzwa tena dukani. Baruti ilikuwa ya arbab mwenyewe, katika chumba chenye kufuli ambacho sisi hatukukaribia. Fundi alitengeneza kichwa tu, ile sehemu inayoruka. Alikitoa kwenye madini ya risasi, laini na mazito, yaliyokuja kama waya mnene uliosokotwa, naye akaukata vipande vipande kabla ya kuvitia kwenye mashine.

Mashine ilifungwa kwa bolti kwenye meza nzito, katika kibanda cha mawe nyuma ya zizi la mbuzi. Ilikuwa chuma kizee, rangi ya kijani imebaki pembeni tu, na mpini wake ulikuwa umerefushwa kwa kipande cha bomba la maji. Watu wa nyumba waliiita makbas, kwa Kiarabu chao. Fundi aliiita Bibi. Ilitengenezwa ng'ambo kwa kazi nyepesi, ya kushindilia kichwa kwenye ganda lake. Kukandamiza madini baridi mpaka yajae kwenye kalibu na kutoka na umbo ni kazi nyingine, nzito zaidi, na Fundi alijua kwamba anamdai Bibi nguvu ambayo hakuzaliwa nayo. Kwa hiyo alikwenda naye kwa adabu. Alishusha mpini mpaka ukawa mzito, akasimama hapo, akavuta pumzi, kisha akamalizia pole pole huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Chuma kizee kinataka kuombwa," alisema. Na arbab alipotuma mtu kumhimiza, alisema, "Haraka ni ya wenye vipuri."

Vipuri hakuwa navyo. Siku moja dereva wa nyumba alipita kibandani. Huyu alikuwa Mganda kutoka Masaka, mtu mwenye mikono minene na roho nyepesi. Sisi tulimwita Ssebo kwa sababu yeye alimwita kila mtu ssebo, yaani bwana kwa lugha ya kwao, hata mbuzi.

"Fundi, lete mimi nivute. Hii kitu inataka nguvu."

"Haitaki nguvu. Wacha."

"Moja tu, ssebo."

Akavuta moja tu. Pini ya mpini ilikatika kwa mlio ambao ulimtoa Fundi nje mbio, mikono masikioni. Aliporudi aliokota vipande viwili vya pini, akavipangusa vumbi, akavitazama.

"Umemvunja Bibi nyonga," akasema.

"Banange! Nyonga inafungwa, Fundi. Twende gereji."

Walikwenda gereji, wakachongewa pini mpya, na kwa mwezi mzima Ssebo alipopita karibu na kibanda Fundi alitoka akasimama mlangoni mpaka apite.

Mwana mkubwa wa arbab, aliyefanya kazi ofisini mjini, huko Silicon Oasis, aliihurumia hali hiyo. Akaja na mashine mpya, nyepesi, inayong'aa, ndani ya boksi lenye picha. Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Alimwombea dua kijana. Kisha akaifunga kwa kitambaa safi, akaisukuma chini ya kitanda chake. Miezi ikapita. Kijana akaja kusalimia.

"Vipi mashine yangu, Fundi?"

"Mashallah, nzuri sana. Haijanisumbua hata siku moja."

Mafuta ya kupaka vipande kabla ya kukandamizwa nayo yalikuwa na kisa. Fundi alitaka mafuta ya sufu ya kondoo tu, akisema mengine yote ni maji. Mafuta hayo hupatikana kwenye duka la dawa, ndani ya marhamu wanayopaka akina mama wanaonyonyesha. Aliyetumwa ni Ssebo. Mwuzaji akampongeza kwa kupata mtoto. Mara ya pili akamuuliza mtoto anaendeleaje. Mara ya tatu Ssebo alirudi amefura.

"Fundi, leo ameuliza kama mke wangu amezaa mapacha. Kwa sababu mafuta ni mengi."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia ndiyo! Ningesema nini? Kwamba ni ya bibi ya chuma?"

"Hongera," alisema Fundi, akachukua marhamu.

Kila kichwa kilichotoka alikivingirisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha alichokilaza mezani. Kilichokwenda sawa alikiweka kwenye sanduku. Kilichoyumba, hata kidogo, alikirudisha kwenye kopo la kuyeyushwa, akisema, "Hakijaiva." Siku nyingine ningeona vitano tu kwenye sanduku na kopo limejaa. Arbab mwenyewe alifika mlangoni akipiga makofi. "Yalla, ya Fundi, wageni wako njiani!" Fundi alijibu inshallah, na mkono wake haukuongeza mwendo hata kwa unywele.

Kwa usafi alikuwa mgumu kuliko Madam, mke wa arbab. Alikagua kucha zangu kabla sijammwagia maji ya kunawa. Hakula chakula kilichofunikwa kwa kitambaa ambacho hakukiona kikifuliwa. Mtungi wake wa maji ulikuwa na kata yake, na Ssebo alipoinywea, Fundi aliwamwagia mbuzi maji yote, akausugua mtungi upya kwa mchanga.

"Maradhi huingia kwa mdomo, mwanangu," aliniambia. "Mdomo ni mlango. Usiuache wazi kwa kila mpitaji."

Ujanani alikuwa mshona kanzu. Mshona nguo hushika pini kwa midomo, kwa kuwa mikono yote ina kazi, na tabia hiyo alihama nayo. Mkono mmoja ulishika mpini wa Bibi, mwingine ulitoa kichwa kwenye kalibu, na vipande vya madini vilivyosubiri zamu alivitunza kwenye shavu la kushoto, akivileta mbele kimoja kimoja kwa ulimi. Aliongea navyo. Aliimba navyo. Nilipompelekea chai alivitema kwenye kiganja, akanywa, akavirudisha. Shavu lile lililotuna lilikuwa kwetu sehemu ya uso wake, kama mwingine alivyo na kipara. Hakuna aliyeliona. Yaani wote tuliliona kila siku.

Kisha akabadilika. Alianza kwa kuacha wali. Mtu aliyesifika kwa kufuta sahani akawa anaacha nusu, kisha karibu yote. Tumbo lilimkaza. Wakati mwingine alisimama akishika ukuta wa zizi, amefumba macho, mpaka maumivu yapite, kisha akaendelea kama hakuna kitu. Alinionya nisiseme. Akawa mkali. Alimfokea Ssebo kwa kufunga mlango wa gari, na mimi aliniita kwa jina la msichana aliyekuwa pale kabla yangu. Kisha mkono wa kulia ukaanza kumtoroka. Kiganja kililegea kwenye kifundo, kikombe kikatetemeka, chai ikamwagikia kanzu, naye akasema kikombe kimetengenezwa vibaya.

Vichwa vikaanza kwenda ovyo. Ijumaa moja mgeni alikosa kibao mara zote, akacheka, akamwambia arbab kwamba fundi wake sasa anapiga mawingu. Arbab hakucheka.

Walimpeleka Fundi zahanati ya mjini Hatta. Akapewa dawa ya maji ya tumbo, akaambiwa ni umri. Na hapo ndipo hatari ilipoingia, nayo iliingia kwa upole sana. Madam alisema, na alisema kwa machozi ya kweli, "Miskini, amechoka. Tumrudishe kwao, apumzike na watu wake." Arbab akakubali. Ikaamuliwa kwamba asafiri baada ya Idi. Wakamnunulia begi kubwa la magurudumu, la rangi ya kahawia, wakaliweka chumbani kwake wenyewe ili asisumbuke kulibeba.

Nilimkuta amekaa akilitazama.

"Watu wangu gani?" aliniuliza. "Dada yangu tushamzika. Nyumba anakaa mjukuu wake, simjui hata sura. Nifike pale na begi jipya, niseme nini? Hodi, miye mgeni wenu wa kudumu?"

"Si uwaambie hutaki, Fundi?"

"Mtu akikufukuza utagombana naye. Akikuhurumia, utamwambia nini?"

Nilichukua kikombe nikaondoka. Tangu siku ile nilihesabu Ramadhani ikikaribia kama mtu anayesikia maji yakipanda, na naamini yeye pia. Alizidi kufanya kazi. Alitaka kuonyesha kwamba bado anaweza, na kadiri alivyotaka kuonyesha ndivyo alivyokaa kibandani tangu asubuhi, shavu limejaa.

Wiki hizo hizo Madam alimpeleka mjukuu wake mchanga kuchanjwa. Mimi nilimpakata mtoto, Ssebo akaendesha. Mtoto alikuwa amepakwa wanja machoni, kama wanavyopakwa watoto wa pale, na nesi alipomwona alichukua pamba akaufuta wote bila hata kuomba ruhusa. Njiani kurudi Madam alikuwa amekasirika, akituambia kwa Kiarabu na Kiingereza chake cha kuchanganya.

"Wanja! Mimi nimepakwa wanja, mama yangu kapakwa wanja. Leo ananiambia baadhi ya wanja wa sokoni una madini ya risasi. Mtoto anajipangusa macho, anatia vidole mdomoni, madini yanaingia tumboni. Tumbo linamuuma, hataki kula, hana nguvu, anakuwa mkali."

"Huyu, Madam?" alisema Ssebo. "Huyu alizaliwa mkali."

Madam akacheka, hasira ikamtoka, na mazungumzo yakaisha. Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu na vidole viwili mdomoni, na mimi nilikuwa naliona shavu la Fundi.

Sikusema garini. Nilijiambia nitasema tukifika, tukafika nikasema nitasema jioni. Kumwambia mtu wa umri ule kwamba anachotia mdomoni ni kibaya halikuwa jambo dogo kwangu, wala huko nilikolelewa halingekuwa dogo. Kesho yake nilichukua kisosi jikoni, nikaenda nacho kibandani, nikakiweka mezani karibu na Bibi.

"Cha nini hiki?"

"Cha kuwekea vipande, Fundi. Visikae kinywani."

Akasimamisha mpini katikati. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimesikia kwamba madini haya yakiingia mwilini, tumbo linauma. Na mikono..."

"Weye," alisema taratibu, na vipande vikagongana ndani ya shavu, "umekuja kunifundisha kinywa changu? Miye, niliyekufundisha kunawa?"

Nikaondoka na uso umewaka. Nilipogeuka mlangoni nilimwona anakijaza kisosi vipisi vya sigara ambazo hakuwa akivuta yeye. Zilikuwa za Ssebo. Fundi aliviokota sakafuni kusudi nione.

Basi ilibaki kumwambia Madam. Nilijua kitakachotokea. Ikiwa nimekosea, nitakuwa nimemwaibisha mtu mzima bure. Ikiwa nimesema kweli, watamfungia mashine, na fundi asiye na mashine ana sababu gani ya kubaki? Kwa vyovyote ningekuwa nimemsukumia begi mlangoni. Lakini asubuhi ile alishindwa kufunga kifungo cha kanzu yake, akakiacha wazi, yeye aliyewafungia vifungo wana wote wa nyumba ile. Nikamkuta Madam akipanga tende.

"Madam. Fundi anatia rasas mdomoni," nilisema, nikiyaita madini yale kwa Kiarabu chao.

"Anatia nini?"

Nikamwonyesha kwa mkono, nikalitunisha shavu langu. Madam alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa. Kisha uso wake ukabadilika, pole pole, kwa sababu na yeye alikuwa ameliona shavu lile miaka yote. Hakuvaa hata viatu vyake vya nje. Alivuka ua na ndala za bafuni, akapita katikati ya mbuzi, akasimama mlangoni mwa kibanda. Fundi alikuwa akiimba.

"Tema!" alisema Madam, kama anavyomwambia mjukuu wake.

Fundi akatema kwenye kiganja. Vilikuwa vinne, vinang'aa. Madam aliviangalia, akaniangalia mimi, akaanza kumwita arbab kwa sauti ambayo nadhani bondeni waliisikia. Juu ya bega lake Fundi alinitazama.

"Umeniuza," alisema kwa Kiswahili, ili nielewe mimi peke yangu.

Safari hii walimpeleka hospitali kubwa ya mjini. Damu ikapimwa, majibu yakaja, na daktari akamwambia arbab kwamba madini yamejaa mwilini mno na ni ajabu mtu huyu bado anatembea. Arbab aliuliza kama si uzee. Ssebo, aliyekuwa mlangoni, alituletea jibu la daktari jikoni, akiigiza mpaka miwani: "Uzee siwezi kuutibu. Hiki naweza."

Alipewa dawa, akaambiwa asiguse madini. Arbab akakifunga kibanda kwa kufuli, akaondoka na ufunguo. Na kama nilivyoogopa, Fundi akawa hana kazi. Alikaa nje kwenye jiwe, mikono mapajani. Hakunisemesha. Ijumaa, arbab alipokuwa akimalizia risasi za akiba, hakuja jikoni, alikwenda kukaa zizini na mbuzi, mikono masikioni. Chakula nilichompikia alikipokea kwa Ssebo. Tiketi waliyomkatia ilikuwa bado ipo. Madam alisema tu kwamba asubiri apate nguvu za kupanda ndege, kwa hiyo kila nilipoomba apone nilikuwa pia naomba siku yake ya kuondoka ifike, na sikujua niombe vipi.

Wiki zikapita, sikumbuki ngapi. Siku moja ya mfungo, baada ya kufuturu, Ssebo alirudi jikoni na sahani ya Fundi. Ilikuwa tupu, imefutwa.

"Anauliza nani amepika," alisema.

"Kwa nini?"

"Anasema wali hauna chumvi, mchuzi mwepesi kama maji ya kuoshea gari, na kama ukibaki aongezewe."

Tukatazamana.

"Amepona!" Ssebo akapiga kelele. "Banange, anatukana chakula! Amepona!"

Nilijaza sahani mpaka wali ukamwagika pembeni, nikaipeleka mwenyewe. Baada ya hapo vikaja vingine. Kifungo cha kanzu kilifungwa, kisha vyote. Aliniita kwa jina langu, ingawa alikuwa ananifokea. Kikombe kilipanda mpaka mdomoni bila kumwagika, na yeye mwenyewe akakitazama, akakirudisha, akakipandisha tena.

Idi ikaja. Siku ya pili ya Idi arbab alikuja uani, mkononi ana ufunguo wa kibanda. Mimi nilikuwa naanika nguo, na sikuthubutu kuondoka wala kubaki, nikashika shuka mbele ya uso wangu.

"Unataka kusafiri?" arbab aliuliza.

"Nikafanye nini?" alisema Fundi.

Arbab akafikiri. Alikuwa mtu mwema, na nadhani kabla ya hapo hakuwahi kuwaza kwamba swali hilo linaweza kuulizwa.

"Khalas," alisema. Akampa ufunguo.

Masharti yalikuwa ya Madam: avae glavu, anawe, damu ipimwe kila mwaka, daktari akikataa kazi basi na kazi iishe, na mdomoni asitie kitu. Kwa kuwa mdomo mtupu ulimshinda, alimpa ubani wa kutafuna, na tangu siku hiyo kibanda kilinukia kama chumba cha bibi harusi. Begi la magurudumu Fundi alilitia majani makavu ya mbuzi. Lilikuwa zuri kwa kazi hiyo, alisema, halipitishi panya.

Ijumaa iliyofuata alifungua mlango wa jikoni, akafunga dirisha, akajaza pamba, akakaa.

"Sogeza kitunguu," aliniambia.

Hilo ndilo alilosema. Mkataba wangu uliisha mwaka uliofuata, nikaaga nyumba nzima, na yeye alinipa mkono na dua fupi. Kama alinisamehe sikujua. Nilihamia mjini, nikapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, nikapanga kitanda kwenye chumba cha wasichana huko International City. Neno lile lake la kibandani, kwamba nimemuuza, nilikwenda nalo. Nikiwa peke yangu kwenye basi lilikuja lenyewe.

Miaka michache baadaye mwenzangu mmoja wa chumbani aliungua mkono na pasi, nikamsindikiza hospitali. Alipoingia kufungwa bendeji nilikaa nje kwenye ukumbi. Nikamwona Ssebo kwanza, kisha kanzu nyeupe pembeni yake, vifungo vyote vimefungwa. Nikainuka nijisogeze nyuma ya nguzo. Nilichelewa.

"Eh! Binti wa Machakos!" Ssebo alipiga kelele hospitali nzima ikageuka.

Fundi naye akageuka. Alikuwa ameongezeka mwili. Mbele yao alisimama nesi Mkenya na faili mkononi, akatabasamu, akamuuliza, "Huyu ni binti yako, Babu?"

"Huyu?" Fundi alininyoshea kidole. "Huyu ndiye aliyenishitaki."

Nesi akaacha kutabasamu.

"Alinishitaki kwa Madam, mbele ya mbuzi. Wakanitemesha kama mtoto. Wakanifungia Bibi yangu kwa kufuli."

"Bibi yako?" nesi aliuliza, akitutazama mmoja mmoja.

"Ni ya chuma," alisema Ssebo. "Usijali, sister. Sema damu."

Nesi akafungua faili. Akasema mwaka huu ni nzuri, tena nzuri kuliko mwaka jana, na aje tena mwaka ujao. Ssebo akanipiga bega kana kwamba damu ilikuwa yangu, akaenda kuleta gari. Tulibaki wawili. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi tangu Hatta, lakini yeye alinitangulia.

"Unalala vizuri huko unakokaa?" aliniuliza.

"Nalala, Fundi. Ni wengi chumbani, lakini nalala."

"Miye pia." Alitafuna ubani wake. "Mwaka ule wa begi nilikuwa nikiota uwanja wa ndege. Kila nikifumba macho. Nimesimama kwenye foleni, mtu ananiuliza nakwenda wapi, na jina la mahali silijui. Naamka nimelowa." Akanitazama juu ya miwani. "Sasa siuoti tena. Tangu ulipokwenda kwa Madam, siuoti."

Alisema hivyo, akaniwekea mkono kichwani, ule wa kulia, akauacha hapo kwa muda. Ulikuwa mzito na umetulia kabisa. Gari likafika mlangoni. Ssebo akashusha kioo.

"Fundi! Twende wapi sasa? Sokoni, au tukale kwanza?"

"Nyumbani," alisema Fundi, na alishapanda, mlango ukiwa bado wazi.